Landrova Isiyokwama

Nasra hakutoa salamu, na hilo peke yake lilitosha kumtoa Swaibu chini ya lori alilokuwa akilitengeneza. Kwa miaka mitatu mkunga huyo alikuwa akiingia gereji ya Kasingirima na "Asalaam aleikum, mafundi" yake, akipita katikati ya matairi mabovu na madebe ya oili chafu kama apitaye sebuleni kwao. Alhamisi hiyo, saa nne ya asubuhi, alisimama mlangoni, gauni lake jeupe likiwa na tope hadi magotini, akamrushia ufunguo. Ukampiga Swaibu kifuani, ukaangukia mchangani.

"Landrova yako iko nje," alisema. "Haikukwama."

"Alhamdulillahi."

"Usishukuru. Nenda ukalale ndani yake."

Mafundi wawili waliokuwa wakifungua injini wakaacha kazi. Pembeni, kwenye kigoda chake, mzee Mwinshehe, mwenye gereji, aliendelea kusugua vali kwa kitambaa kana kwamba hakusikia neno. Kasingirima nzima ilijua kwamba masikio ndiyo kitu pekee ambacho hakijachoka katika mwili wa mzee huyo.

"Nikalale?" Swaibu aliuliza.

"Ulale chali, kwenye godoro la wagonjwa. Oswald ataendesha mpaka Mwandiga na kurudi. Ukirudi bado unaipenda, basi, mimi sina neno tena."

Swaibu alimtazama. Macho ya Nasra, ambayo siku nyingine yalibaki na utani hata akikasirika, yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Na mtu mwenye hasira angeweza kubishana. Huyu alikuwa amechoka, na Swaibu hakujua mtu aliyechoka namna ile anabishiwa vipi. Akafuta mikono, akaokota ufunguo, akamfuata.

Sasa lazima ieleweke hiyo Landrova ilikuwa kitu gani. Mwishoni mwa mwaka wa tisini na tatu, Warundi walipoanza kuvuka mpaka kwa maelfu, malori ya misaada yaliikatakata barabara ya makambini mpaka ikabaki mashimo yanayopokezana. Masika yaliyofuata, gari la shirika la misaada ambalo Nasra alisafirishia wajawazito lilizama kwenye tope asubuhi, likatolewa jioni, na kati ya asubuhi na jioni mama mmoja alimfia mikononi. Kesho yake alikuja gereji kufuata gari, akakaa juu ya tairi, akalia bila kujificha. Swaibu, ambaye hakuwa hata na leso safi ya kumpa, alisema jambo la kwanza lililomjia kinywani.

"Nitakutengenezea gari lisilokwama."

Akalitengeneza. Alinunua mzoga wa Landrova ndefu uliokuwa umeotewa na nyasi nyuma ya ghala moja karibu na stesheni. Akaufufua injini, kisha akauinua. Springi za gari la aina ile ni vyuma bapa vilivyolazwa kimoja juu ya kingine. Swaibu aliongeza kwenye kila gurudumu vyuma vinne vya lori la tani saba, mpaka tumbo la gari likapita juu ya kila jiwe. Akavisha matairi mapana yenye meno. Akafunga bamba la chuma chini ya injini, na bomba la kuvutia hewa akalipandisha hadi usawa wa paa, ili hata maji ya mto yakifika kwenye boneti injini iendelee kupumua. Shirika likaikodi, Oswald akapewa kuiendesha, na tangu siku hiyo haijawahi kukwama. Watu wa Ujiji walitania kwamba wanaume wengine hupeleka barua ya posa, Swaibu kapeleka Landrova.

Walitania, lakini barua yenyewe haikuwahi kufika. Nasra alikuwa na miaka thelathini na mmoja, aliolewa mara moja akiwa msichana na kuachika, na miaka mitatu hii alikuwa akimsubiri mwanamume anayempenda, naye akijua anapendwa.

Swaibu alilala chali. Oswald, Muha wa Kasulu asiyependa maneno mengi, aligeuka kwenye usukani akamtazama kwa huruma, akamsalimu kwa Kiha.

"Mwakeye, fundi. Shika kitu."

"Nishike nini?"

"Hapo sasa," alisema Oswald, akawasha.

Nasra alikaa kwenye ubao wa pembeni, mahali pake pa kila siku, miguu yake ikigusana na godoro. Mjini palikuwa na nafuu. Walipoiacha barabara nzuri, gurudumu la nyuma lilidumbukia shimoni, springi zikakataa kupinda, na gari zima likamrusha Swaibu juu. Kichwa kikagonga chuma cha ubao.

"Data we!"

Nasra alishtuka. "Umesema nini?"

"Sijasema kitu."

"Umesema Kirundi. Miaka yote hii sijakusikia hata siku moja."

Swaibu alifumba macho kwa haya. Alikuwa ameita, baba wee. Alikuwa na miaka tisa mwaka wa sabini na mbili, baba yake alipompakia kwenye mtumbwi wa majirani huko Rumonge, akamwambia atulie, anarudi kumchukua mama. Hakurudi. Mtumbwi ulifika Ujiji, Mwinshehe akampa mahali pa kulala na spana ya kushika, na mtoto akajifunza haraka kuzungumza kama wenzake ili asiulizwe ametoka wapi. Kwa miaka ishirini na mitano alidhani lugha ile imemtoka. Kumbe ilikuwa ikingoja arushwe tu.

"Mwambie Oswald apunguze," alisema.

"Amepunguza. Huu ndio mwendo tunaomletea mtu mwenye uchungu." Nasra alisema bila kupaza sauti. "Usiku wa kuamkia leo nilikuwa na Yunisi. Mimba ya kwanza, uchungu siku ya pili. Tulipofika Kidahwe akanikamata mkono, akaniambia, dada, nishusheni nitembee."

Swaibu alishikilia kingo za godoro.

"Umesikia? Mtu aliye kwenye uchungu ameona bora atembee kuliko kulala kwenye gari lako. Nikamshusha. Tukatembea, mimi nimemshika kiunoni, mvua inanyesha, Oswald anatufuata nyuma na gari tupu. Hili tope unaloliona ni la miguu yangu. Landrova haina hata doa."

"Amejifungua?"

"Kwenye banda la kuuzia ndizi. Mtoto wa kike, wazima wote. Lakini si wa kwanza kuniomba hivyo, Swaibu. Ni wa tatu mwezi huu. Nilikuwa nawadanganya kwamba ni mashimo."

Gari likaruka tena. Safari hii Swaibu alitupa mkono juu kujizuia na paa, na hapo ndipo alipoona. Paa alilipaka rangi nyeupe yeye mwenyewe, na humo ndani, tangu kichwani hadi miguuni, lilikuwa limejaa alama. Zilikuwa alama za vumbi na jasho, nyingine za rangi ya damu iliyokauka. Zilirundikana zaidi pale juu ya godoro, mahali ambapo mtu aliyelala chali angefika kwa mkono. Hakuna aliyesimama nje ya gari ambaye angeziona.

"Hizi ni nini?"

"Viganja," alisema Nasra. "Vya kila mama niliyempandisha humu."

Mkono wa Swaibu ulikuwa bado juu, umeangukia palepale penye mkono wa mwanamke asiyemjua. Alikuwa ameijenga Landrova ile kwa mapenzi, kila boliti. Usiku na mchana alichofikiri ni tope lile lililomliza Nasra. Hakuna siku hata moja aliyofikiri juu ya mtu atakayelala ndani yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Uliniletea gari kama mtu anayeleta moyo wake. Nikaona ubaya kulalamika." Nasra alishusha pumzi. "Ndivyo tulivyo, mimi na wewe. Hatuambiani. Haya, na mimi nikuambie langu. Kesho baada ya sala ya Ijumaa wanakuja watu wa Abdulatif."

Swaibu alimjua Abdulatif, nani asiyemjua? Mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi, mwenye boti mbili na mke mmoja, anayetafuta wa pili.

"Na baba yako mkubwa?"

"Baba mkubwa Kassimu amesema atawasikiliza. Afanyeje? Miaka mitatu namwambia subiri, Swaibu anamtafuta baba yake mdogo aje amsemee. Kila boti la wakimbizi likitia nanga naambiwa subiri. Hana ubaya na wewe, sikufichi. Anasema jambo moja tu: siku mkigombana, mtu asiye na mtu nitampeleka kwa nani? Aniletee hata mmoja, mmoja tu ambaye naweza kumshika kwa kauli yake, nitamwozesha."

Oswald alikuwa akitazama mbele kwa bidii kubwa. Swaibu alilitazama paa.

"Hatakuja," alisema.

"Nani?"

"Baba mdogo. Alifia Uvira, mwaka juzi. Nimeambiwa na mtu wa Rumonge, nilimkuta Kibirizi siku zile Wazaire walipokuwa wakishuka."

"Siku zile? Swaibu, ile ilikuwa Novemba. Leo tuko Aprili."

Swaibu aligeuza uso upande wa bati.

"Miezi mitano," Nasra alisema polepole. "Miezi mitano umeniacha namngojea marehemu."

"Ningekuambia, nisingekuwa na sababu tena."

"Sababu ya nini?"

"Ya kutokuja kwenu." Maneno yalitoka kwa taabu, na heri alikuwa amelala, maana akiwa amesimama mbele ya macho yale asingeyasema kamwe. "Naogopa, Nasra. Nimesimama kwenye kona ya nyumba yenu mara ngapi, sijui. Nasema leo naingia peke yangu. Halafu nasikia mzee Kassimu akiuliza, wewe ni wa nani? Nageuka narudi kwenye gari. Kwenye gari najua la kufanya."

Alingoja amkaripie. Nasra hakumkaripia. Aliegemeza kichwa kwenye bati la gari, na machozi yakamtiririka bila kwikwi, machozi ya mtu ambaye hana hata nguvu ya kulia vizuri.

"Nakupenda," alisema. "Nisikudanganye, kama ningeweza kuacha ningeacha mwaka jana. Lakini nimechoka. Makambini nachoka, nyumbani nachoka kuulizwa, hapa kwako nachoka kungoja. Kesho baba mkubwa akiniuliza nitasema ndiyo. Si kwamba namtaka Abdulatif. Nataka mahali pa kulala."

Hatimaye Oswald alikohoa.

"Mwandiga tumefika. Tunarudi, au tuunge mpaka Kasulu?"

"Tunarudi," walisema wote wawili.

Saa sita haijagonga, Landrova ilikuwa juu ya mawe na jeki, magurudumu yote yametolewa. Swaibu hakula. Alifungua boliti moja baada ya nyingine, zile ngumu akazimwagia mafuta ya taa na kuzigonga, na kila chuma cha lori kilipotoka alikitupa ukutani bila kukitazama. Shokapu ngumu alizozitafuta mpaka Tabora alizifungua, akafunga za kawaida alizokuwa ameziacha kapuni. Nasra alikaa juu ya tairi. Oswald alimletea chai na mihogo, akanywa chai, mihogo akaishika tu mkononi.

"Nenda nyumbani ukapumzike," Swaibu alimwambia akiwa chini ya gari.

"Nitakwenda nikishalala humo."

"Itakuwa chini sana. Kwenye ile mito ya mbele itakwama sasa."

"Ikikwama tutashuka tuisukume. Tutaita watu. Barabara ile haijakosa watu hata siku moja."

Swaibu alisimamisha spana. Lilikuwa jambo jepesi kiasi kwamba alijionea aibu kwa kumaliza miaka mitatu bila kulifikiria. Kuita watu. Akaendelea kufungua. Mzee Mwinshehe, kwenye kigoda chake, alikuwa bado anasugua vali ileile ya asubuhi.

Alasiri Landrova ilishushwa. Ilikaa chini kama ng'ombe aliyeamua kupumzika, na mafundi wakaguna, kwa kuwa uzuri wake wote wa kutisha ulikuwa umekwisha. Nasra alipanda nyuma, akalala chali kwenye godoro, akakunja mikono kifuani. Swaibu alishika usukani mwenyewe, Oswald akakaa kando yake ili watu wasipate la kusema.

"Nitakuuliza kila shimo," Swaibu alisema. "Usinionee huruma."

"Sina hiyo huruma leo."

Walitoka taratibu. Shimo la kwanza, gurudumu likashuka, likapanda.

"Hapo je?"

"Nimesikia."

La pili, refu zaidi, lile lililomgongesha kichwa asubuhi.

"Na hapo?"

"Kidogo."

Wakafika penye mawe. Swaibu aliipitisha Landrova juu yake kama anayebeba bakuli la uji lililojaa, jasho likimtoka.

"Na hapo, Nasra?"

Hakujibiwa.

"Nasra?"

Alikanyaga breki, akageuka. Nasra alikuwa amelala usingizi. Kinywa kilikuwa wazi kidogo, uso umelegea, na mikono yake miwili ilikuwa palepale kifuani, haikuwa imegusa paa. Swaibu alimtazama kwa muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa. Alijua nywele za huyu mwanamke zinavyotokeza chini ya mtandio akikimbia, alijua sauti yake akiwa mbali. Uso wake ukiwa umetulia alikuwa hajawahi kuuona. Akawaza kwamba kesho kutwa mtu wa Kibirizi ataanza kuuona kila siku, na wazo hilo lilimuuma kuliko alivyoweza kuvumilia.

"Endesha, fundi," Oswald alinong'ona. "Ukisimama ataamka."

Aliendesha hadi gereji kwa mwendo wa baiskeli, akazima injini chini ya kibanda, akashuka bila kufunga mlango kwa kelele. Kisha akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kigoda, kabla miguu haijapata nafasi ya kugeuka.

"Mzee."

"Sema."

"Kesho baada ya Ijumaa nina shida na wewe. Naomba uende kwa mzee Kassimu, Ujiji, uwawahi watu wa Abdulatif. Ukanisemee."

Kitambaa kilisimama juu ya vali.

"Nani aende?"

"Wewe, mzee wangu."

"Mimi?" Mwinshehe aliinua uso, na Swaibu aliona kwa mshangao kwamba kidevu cha mzee kilikuwa kinatetemeka. "Si una watu wako wanaokuja na boti?"

"Hawapo. Wamekwisha wote."

"Ndiyo maana nimekumbukwa." Alijaribu kusema kwa ukali, ukali haukutoka. "Uliletwa hapa una chawa kichwani. Nani alikupeleka jandoni? Nani alikulalia mlangoni ulipougua homa ya matumbo, mimi au boti? Ukaja ukaniambia unamtafuta baba yako mdogo akuposee. Nikasema vyema, ni damu yake, mimi ni mwenye gereji. Kila king'ora cha boti kikilia Kibirizi unatupa spana unakimbia kunitafutia mwenzangu. Na mimi nimekaa hapa. Kanzu ya kwenda kukuposea nilishona tangu mwaka ule wa kwanza, mke wangu Ashura anaifua na kuikunja, anaifua na kuikunja, mpaka imeanza kupauka haijavaliwa."

Swaibu alipiga magoti kwenye mchanga uliolowa oili. "Nilidhani mimi ni mfanyakazi wako," alisema. "Niliona haya kukuomba jambo la mwana."

"Mjinga," alisema Mwinshehe, akampangusa uso kwa kitambaa kilekile cha vali, akamwachia mstari mweusi toka jicho hadi kidevu. "Mjinga kabisa. Uliona haya, nikakuonea haya, na binti wa watu anazeeka katikati yetu. Yuko wapi?"

"Ndani ya gari. Amelala."

Mzee alijiinua, mkono mmoja kiunoni. Magoti yake yalilia. Alikokota kigoda chake kwenye mchanga hadi nyuma ya Landrova, akakiweka mbele ya mlango, akakaa akiipa barabara uso wake, ili yeyote atakayepita na kuwa na swali amkute yeye kwanza. Huko ndani ya gereji fundi mmoja aliinua nyundo, akaipiga ringi mara moja.

"Wee!" Mwinshehe alifoka kwa mnong'ono uliofika hadi kwa jirani. "Weka nyundo chini. Mkwe wangu amelala."